Ukatili wa majumbani kipindi cha korona: nyumba zipi zilikuwa hatarini zaidi na kwa nini (uzi mrefu)

Nuru wa Jioni

Wakuu habari za muda huu, poleni na majukumu. Uzi utakuwa mrefu kidogo, mwenye nafasi asome mpaka mwisho.

Kila nikiona watu wanaongelea kipindi cha korona na vipigo majumbani, jibu linalotolewa ni lile lile, watu walikuwa na stresi, wamefungiwa ndani, hela hamna, basi mikono ikawa myepesi. Mjadala unafungwa hapo. Mimi kipindi hicho nilikuwa upande wa kupokea simu za watu wanaopigwa na wenza wao na hilo jibu linaniuma sana, maana linaacha picha kwamba ugonjwa ndio ulikuwa unapiga. Kulikuwa na mamilioni ya nyumba zilizofungiwa ndani wiki na wiki, hela imekata, watoto kelele kutwa nzima, na hakuna aliyenyanyua mkono. Kwa hiyo swali la maana ni nyumba zipi zililipuka na zilikuwa na nini ambacho nyingine hazikuwa nacho.

Tuanzie kabla ya korona. Shirika la Afya Duniani linakadiria karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kupigwa au kufanyiwa ukatili wa kingono maishani mwake, na mara nyingi aliyefanya hivyo ni mwenza wake mwenyewe. UN Women, shirika la Umoja wa Mataifa la masuala ya wanawake, walipotoa tamko Aprili 2020 walisema kwenye miezi 12 iliyotangulia wanawake na wasichana milioni 243 wa umri wa miaka 15 mpaka 49 walifanyiwa ukatili na wenza wao. Sehemu kubwa ya hiyo miezi korona haikuwepo kabisa. Maana yake ni kwamba ile tarehe 11 Machi 2020 ugonjwa unatangazwa kuwa janga la dunia, hawa watu tayari walikuwa wanaishi na mpigaji, na wiki chache baadaye wakaambiwa wasitoke.

Sasa kitu ambacho wengi hawakioni ni hiki. Kwenye nyumba yenye mtu mkorofi kuna vitu vidogo vidogo vinavyomshika mkono bila yeye kujua. Anatoka asubuhi anarudi jioni, mke naye ana kazi yake, kuna jirani anapita kuazima kitu, shemeji anakuja wikiendi, mtoto anaenda shule na mwalimu ana macho. Hakuna hata kimoja hapo kinachoitwa huduma ya kuzuia ukatili lakini ndivyo vinavyozuia, kwa sababu mpigaji anajali sana nani ataona. Vyote hivyo vikaondoka kwa mpigo. Ukiniuliza mimi kihatarishi namba moja cha kipindi kile, sisemi umaskini, nasema ni ubabe uliokuwepo tangu zamani ukakutana na nyumba isiyo na shahidi.

Na ubabe siongelei kofi tu. Naongelea mtu anayeshika simu yako na kusoma meseji, anayejua neno lako la siri, anayekuuliza dakika kwa dakika ulikuwa wapi, anayekata mawasiliano yako na ndugu zako taratibu mpaka unabaki naye peke yake. Uingereza na Wales walishaona uzito wake wakaufanya kosa la jinai tangu mwaka 2015 hata kama hamna alama mwilini. Sasa mtu wa namna hiyo kipindi cha lokdauni alikuwa hahitaji hata kujisumbua, kila alichokuwa anakifanya kwa nguvu kikawa kinafanyika kwa amri ya serikali. Anamwambia mwenzake "ukitoka nje utakamatwa", "ukienda kwa mama yako utamuua", na haonekani mbabe, anaonekana mtu anayefuata maelekezo ya afya!

Karibuni tujadili, nitajibu kadiri nitakavyopata nafasi.

Kigogo wa Kale

Dada Nuru nakuheshimu na uzi ni mzuri, ila ishu ya hela unaipitia juu juu. Mwanaume aliyezoea kuleta chakula nyumbani akipoteza kazi anaumia mpaka ndani, anajiona si kitu. Sitetei kupiga, hapana, lakini tukisema sio umaskini tunadanganyana, waliopoteza kazi ni wengi sana mwaka ule na ugomvi mwingi unaanzia kwenye hela ya matumizi.

Nuru wa Jioni

Kaka Kigogo hapo uko sahihi kuliko unavyofikiri na nilikuwa nimeiweka akiba hiyo. Kuna utafiti mkubwa uliongozwa na Jacquelyn Campbell kwenye miji 11 ya Marekani, ulichapishwa 2003, walilinganisha wanawake waliouawa na wenza wao na wanawake waliopigwa ila wakabaki hai. Kwenye mambo kama umri, elimu na kipato, lililojitokeza kwa uzito kwa upande wa mpigaji ni kukosa kazi, hatari ya mauaji ilikuwa karibu mara 4. Sasa chukua hiyo uilete 2020 ambapo watu wanaachishwa kazi kwa makundi, utaelewa kwa nini sisi tuliokuwa kwenye simu tulikuwa hatulali.

Lakini angalia vizuri, walioangaliwa hapo ni wanaume ambao TAYARI walikuwa wanapiga. Kukosa kazi hakujamgeuza mtu mpole kuwa muuaji, kumempandisha ngazi aliyekuwa ameshaanza. Na huyo huyo mwenye stresi akienda kwenye foleni ya msaada, akakutana na askari, au akiongea na bosi wake wa zamani anamuomba amrudishe, mikono iko mfukoni na maneno ni ya adabu. Stresi yake inajua pa kwenda.

Halafu hela ina upande wa pili ambao hausemwi. Wanawake wengi walipoteza kazi pia, hasa za hotelini, saluni, biashara ndogo, kazi za ndani. Ile akiba aliyokuwa anaificha kidogo kidogo ili siku moja aondoke ikaliwa yote kwenye chakula cha watoto. Kwa hiyo kwa mpigaji kukosa hela kuliongeza hasira, kwa anayepigwa kuliondoa nauli. Kwangu hilo la pili ni baya zaidi.

Tabibu wa Zamu

Naomba niongeze la wodini maana halisemwi. Sisi wauguzi tulikuwa kwenye hatari mbili. Nina mwenzangu ambaye mume wake alimfungia nje usiku ametoka zamu, anamwambia umeleta ugonjwa, kalale huko huko. Wiki iliyofuata akaanza kumwambia kila akikohoa mtoto ni yeye. Baadaye akamtaka aache kazi kabisa, na kumbe hilo ndilo alilolitaka tangu zamani, korona ikampa sababu.

Pia wagonjwa waliokuwa wanakuja na majeraha walipungua, na waliokuja walikuja wamechelewa na hali mbaya. Kliniki za wajawazito nazo watu waliogopa kuja, na pale ndipo tulikuwa tunapata nafasi ya kumuuliza mama akiwa peke yake kama nyumbani kuko salama. Barakoa nayo ilikuwa inafunika mdomo uliopasuka.

Nuru wa Jioni

Tabibu asante sana kwa hili, na pole kwa mwenzako. Hiyo ya kutumia ugonjwa wenyewe kama fimbo tuliisikia kila mahali. Kumnyima mtu sabuni au vitakasa mikono, kumtishia kumtupa nje akianza kukohoa, kumfichia kadi ya bima ya afya, kumdanganya kuhusu sheria za kutoka, kumzuia mzazi mwingine asione watoto kwa kisingizio cha maambukizi. Ukiona mtu anatumia hofu ya ugonjwa kumtawala mwenzake hiyo ni alama ya hatari, usisubiri kofi.

Mchambuzi Huru

Naomba niwe upande mwingine kidogo. Nakumbuka kuna sehemu takwimu zilionyesha ripoti zimeshuka kipindi cha lokdauni, polisi walipokea kesi chache. Sasa si inaweza kuwa watu walikaa pamoja wakapatana? Tusije tukawa tunakuza mambo.

Nuru wa Jioni

Mkuu swali zuri. Chukua Italia, walikuwa wa kwanza Ulaya kufunga nchi nzima, Machi 2020. Siku za mwanzo simu za msaada zilishuka mpaka watu wakaingiwa na hofu. Serikali ikatangaza kwa nguvu kwamba namba 1522 inafanya kazi na kuna ujumbe wa maandishi pia. Hesabu zilipofungwa, kati ya tarehe 1 Machi na 16 Aprili simu halali zilikuwa 5,031, ongezeko la asilimia 73 ukilinganisha na kipindi kama hicho mwaka 2019. Ule ukimya wa mwanzo ulikuwa ni mtu kushindwa kupiga simu kwa sababu anayempiga amekaa kochi moja naye.

Sisi tulikuwa tunapokea simu fupi sana, mtu ananong'ona yuko chooni amefungulia maji, anasema maneno machache kisha anakata. Ukimpigia unaweza kumsababishia kifo, usipompigia hujui kama yuko hai. Mimi bado nikisikia simu inakatika ghafla moyo unaruka.

Ndio maana sehemu zingine wakabuni njia za kuomba msaada bila kuongea. Visiwa vya Canary huko Hispania walianza utaratibu wa kuingia duka la dawa na kuomba "barakoa 19", mfamasia anaelewa na kuita polisi, nchi nyingine wakaiga. Canada ilitoka ishara ya mkono Aprili 2020, unaonyesha kiganja, unakunja kidole gumba ndani, halafu unakunja vinne juu yake, inafaa kwenye simu ya video. Ijueni hiyo ishara jamani, inachukua sekunde chache kujifunza.

Mtu wa Pwani ya Mbali

Na wanaume je? Kuna jamaa yangu alikuwa anamwagiwa maji ya moto na mkewe kipindi hicho na hakuwa na pa kusema, angeenda polisi wangemcheka. Mbona hamuwataji?

Nuru wa Jioni

Ndugu yangu pole kwa jamaa yako, na hakustahili kuchekwa. Wanaume wanaopigwa wapo, simu zao tulizipokea na tulizisikiliza kama zingine. Aibu kwao ni kubwa zaidi kwa hiyo wanachelewa kusema. Wanaouawa na wenza wao wengi ni wanawake kwa mbali, ndio sababu uzi umeelemea huko, ila mambo mengi niliyoandika hapa yanamhusu yeye pia, kutawaliwa, kukosa shahidi, kukosa pa kwenda. Kama bado yuko kwenye hiyo nyumba mwambie atunze picha za majeraha kwa mtu anayemwamini na aende hospitali yaandikwe.

Mama Wawili

Mbona hakuna anayetaja pombe? Baa zilifungwa ndio, ila watu walihamishia nyumbani. Kwetu baba mwenye nyumba alikuwa anaanza asubuhi.

Nuru wa Jioni

Pombe ni kweli mama. Greenland mwishoni mwa Machi 2020 walipiga marufuku kuuza pombe Nuuk, mji mkuu wao, na maeneo ya karibu, na serikali ilisema wazi ni kwa ajili ya kulinda watoto majumbani. Afrika Kusini nao walizuia kuuza pombe tangu lokdauni ilipoanza mwishoni mwa Machi mpaka mwanzoni mwa Juni, na hospitali ziliona majeruhi wanapungua, ingawa watu pia hawakuwa wanatembea wala kuendesha magari kwa hiyo huwezi kuipa pombe sifa zote. Ninavyoona mimi pombe inaongeza ukubwa wa jeraha na idadi ya siku mbaya. Anayemtawala mwenzake akiwa hajanywa bado anamtawala, tena wengine waliokuwa hatari kuliko wote niliowasikia hawakuwa wanakunywa kabisa. Kwa hiyo ukimwona mlevi ameacha pombe usihitimishe haraka kwamba nyumba imepona.

Mwalimu Tena

Niongelee watoto, maana shule zilipofungwa mimi nilijua kabisa kuna sura fulani darasani kwangu zitaumia. Mtoto anayependa kubaki shuleni baada ya kengele, anayechukia likizo, mwalimu yeyote anamjua. Tulifundisha kwa simu, unamwona mtoto kwenye kioo na nyuma yake kuna mtu amesimama, utamuuliza nini? Na wale wasio na simu hatukuwaona kabisa.

Nuru wa Jioni

Mwalimu umenigusa. Marekani walimu na wafanyakazi wa shule ni kundi kubwa mno kwenye kutoa taarifa za watoto wanaoteswa, shule zilipofungwa taarifa zikaporomoka wakati mateso yenyewe hayakuwa na sababu yoyote ya kuporomoka. Na somo hili lilikuwepo. Kipindi cha Ebola Sierra Leone shule zilifungwa karibu mwaka mzima wa masomo, 2014 mpaka 2015, mimba za wasichana zikawa gumzo, nyingi zikitokana na kulazimishwa au kubadilishana mwili kwa chakula, halafu zilipofunguliwa wale wenye mimba wakazuiwa kurudi darasani, katazo lililokuja kuondolewa Machi 2020. Yani dunia ilikuwa na mfano wa juzi tu, na bado mipango mingi ya korona ikaandikwa bila mstari hata mmoja kuhusu nani anabaki na mtoto ndani.

Kundi jingine ni wasaidizi wa kazi za ndani wanaolala kwa mwajiri. Hawa mpigaji kwao ni bosi, siku ya mapumziko ilifutwa, mshahara ukasimama, kwao hawafiki kwa sababu mipaka imefungwa. Na watu wenye ulemavu ambao anayewapiga ndiye anayewaogesha na kuwapa dawa, wale ndugu wengine na wahudumu waliokuwa wanapita nyumbani walipozuiwa walibaki naye peke yake.

Zuwena K

Dada Nuru mimi nina swali la kweli sio la zamani. Mdogo wangu wa kike yuko kwenye ndoa iliyoharibika kipindi hicho hicho cha korona na haijawahi kutengemaa. Safari hii ananiambia mume amemkaba shingo ila "hakumuumiza". Ananiomba nisimwambie mama. Nifanyeje, nisubiri? Nikienda kumtoa kwa nguvu je?

Nuru wa Jioni

Zuwena mdogo wangu, usisubiri. Kukaba shingo ni moja ya alama mbaya kuliko zote tunazozijua, kuna utafiti wa 2008 wa Marekani ulionyesha mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenza uwezekano wa kuja kuuawa naye ni zaidi ya mara 7. Na hiyo "hakuniumiza" isikudanganye, shingo inaweza isiwe na alama yoyote nje na ndani mishipa imeumia, anaweza kupata matatizo siku kadhaa baadaye. Kama sauti imekauka, anameza kwa shida, kichwa kinauma au alipoteza fahamu hata kidogo, leo hii aende hospitali na amwambie daktari wazi kwamba alikabwa, asiseme ameanguka.

Kuna maswali mengine utafute majibu yake taratibu. Ndani kuna bunduki? Kwenye ule utafiti wa 2003 mpigaji kuwa na bunduki kulizidisha hatari zaidi ya mara 5. Ameshasema atamuua, au atajiua yeye? Ana mimba? Kuna mtoto ambaye si wa huyo mwanaume? Vipigo vimeongezeka kasi karibuni? Amepoteza kazi? Kila "ndiyo" inaongeza uzito.

Kuhusu kumtoa kwa nguvu naomba unielewe vizuri. Wakati wa kuondoka ndio wakati hatari kuliko wote. Utafiti ule ule wa 2003, mpigaji mtawala sana akiachwa baada ya kuishi pamoja hatari ya mauaji ilikuwa karibu mara 9. Hiyo haina maana abaki, ina maana aondoke kwa mpango, mwenyewe akiwa amekubali, na mume asijue siku wala mahali. Ukienda kugombana mlangoni halafu ukaondoka bila yeye, anayebaki kulipa ni mdogo wako.

Zuwena K

Nimekuelewa dada. Sasa naanzaje? Simu yake anaishika mume, meseji zote anasoma.

Tabibu wa Zamu

Zuwena, hospitali au kliniki ni sababu ambayo waume wengi hawabishi. Aje kwa ajili ya kitu kingine chochote, aombe kuonana na muuguzi peke yake. Sisi tunajua namna ya kumwambia mume asubiri nje.

Nuru wa Jioni

Fuata hiyo ya Tabibu, ni nzuri. Kwenye simu usiandike kitu chochote kuhusu hili, hata sisi huku usitaje jina lake wala anapoishi. Piga simu ya kawaida kama dada, salimia, na muulize maswali ya ndiyo na hapana tu ili anayesikiliza upande wa pili asielewe. Yuko karibu? Uko salama sasa hivi? Nipige baadaye? Mkipata dakika ya kuonana, wekeni neno moja la kawaida la nyumbani, akilisema au kuliandika wewe unajua ni dharura na unaita polisi bila kumpigia kuuliza. Nakala za vitambulisho, vyeti vya watoto, dawa, ufunguo wa akiba na hela kidogo vikae kwako au kwa mtu ambaye mume hamjui. Na mshauri wa simu ya msaada unaweza kumpigia wewe mwenyewe kwa niaba yake, huhitaji kumsubiri yeye aanze.

La mama, heshimu ombi lake kwa sasa. Siri ikitoka mahali pamoja itamfikia mume, na mdogo wako atakuacha nje wewe pia, na kwa sasa wewe ndiye mlango pekee alionao.

Ukishaongea naye nitumie ujumbe wa pembeni, usiweke hapa. Nipo mpaka usiku.

Zuwena K

Nampigia sasa hivi, kawaida saa hizi mume anakuwa nje.